Jiwe la Upande wa Pili

Siku niliyofungisha injini kwenye baiskeli yangu nilidhani nimejinunulia mwendo. Kumbe nimeufungulia mtaa wangu wa Mnarani ofisi ya usafirishaji. Mimi ndiye dereva, mimi ndiye utingo, mimi ndiye karani wa malalamiko, na mshahara wa wote watatu bado haujafika.

Baiskeli yenyewe ni Black Mamba, ile ya chuma cheusi, nzito kama deni la dukani. Injini ilikuja ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelezo ya Kichina. Fundi aliigeuza karatasi mara mbili, akaifutia grisi mikononi, kisha akakikaza kile kijidude katikati ya fremu na tangi akalikalisha juu kama nundu. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na inanguruma kama cherehani iliyotukanwa. Vijana wa bodaboda pale stejini huniuliza kila asubuhi: "Mzee, hiyo ni pikipiki inayougua ama ni baiskeli inayojisikia?"

Mwenye baiskeli ya kawaida huagizwa kiberiti. Akiagizwa zaidi ya hapo watu humwonea huruma, maana wanajua kurudi kwake ni jasho. Lakini injini ikishanguruma, hata iwe ya ukubwa wa ngumi mbili, unahesabiwa miongoni mwa wenye malori.

Wazee wa hapa huniambia kwamba enzi za feri maisha yalikuwa na staha. Ukitumwa ng'ambo, Kilifi mjini, na mwili hautaki, unasema feri imekwama, foleni imefika juu mlimani, na hakuna wa kukupinga kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli. Daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 nchi ikapata maendeleo na sisi tukapoteza kisingizio. Sasa kutoka kwangu hadi soko la Oloitiptip ni dakika kumi kwa injini, na dakika hizo mtaa mzima unazijua kuliko ninavyozijua mimi.

Bado ningeweza kujitetea kwamba sina pa kuweka mzigo. Nami, kwa akili zangu timamu, nikaenda kununua kapu.

La kwanza lilikuwa la waya, la kufungwa mbele kwenye usukani, jeupe, na ua la plastiki ubavuni. Muuzaji aliapa kwamba ua linang'oka. Halikung'oka. Nikapita nalo stejini, na niliyoambiwa pale sitayaandika, maana ukurasa huu husomwa na watoto.

Kapu la mbele lina hasara zake hata bila ua. Ukilitia kilo tano za viazi, usukani unaanza kuwa na rai yake: wewe wataka kwenda kulia, viazi vyataka shimoni. Taa inajificha nyuma ya sukumawiki, ukasafiri usiku kwa kumbukumbu. Wafaransa walipoanza kuuza baiskeli yao ya injini, VéloSoleX, mwaka 1946 waliiweka injini juu ya gurudumu la mbele, kwa hiyo usukani mzito walikuwa nao kwa sababu inayoeleweka. Mimi uzito wa mbele niliununua kwa hiari, kwa shilingi mia tisa, na ua nikapewa kama nyongeza. Isitoshe, yale matundu ya waya yalipimwa na mtu ambaye hajawahi kuona ndimu. Nilitoka sokoni na ndimu ishirini, nikafika nyumbani na tisa. Zile kumi na moja nilizipanda darajani moja moja, na mama watoto akataka kujua nimeziuza kwa bei gani.

Halafu kuna mtikisiko. Injini ya namna hii haiendi, inatetemeka kuelekea mbele. Nyanya zikikaa kapuni kutoka Oloitiptip hadi Mnarani hazihitaji tena kukatwa. Mayai nimeacha kuyazungumzia.

Nikaling'oa kapu, nikaishi mwezi mzima kwa kutundika mifuko kwenye usukani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo tumebaki na hii ya kitambaa yenye mikono mirefu kama ya mtu anayeomba msaada. Na marufuku sina ugomvi. Fukwe zimepumua, na faini ya hadi shilingi milioni nne ni pesa ambayo baiskeli yangu na vitukuu vyake hawataiona. Ila mfuko wa mikono mirefu, ukiutundika kwenye usukani, hupenda kwenda kusalimia spoku. Wangu ulikwenda nilipokuwa nakaribia magofu ya Mnarani. Gurudumu likasimama, mimi nikaendelea. Bahati nzuri unga wa sima ulitangulia, kwa hiyo nilianguka pahali laini.

Ndipo nikaingia tamaa ya Ulaya.

Kulikuwa na Mzungu mmoja kule Bofa aliyekuwa akihama na kuuza vitu vyake barazani. Kati ya feni na vyungu vya maua nikaona mifuko miwili myekundu, mizito, isiyopenya maji, ya kuning'inizwa ubavuni mwa keria, mmoja huku na mwingine kule. Akaniambia imezunguka Ulaya nzima. Niliamini, na mpaka leo naamini. Sikufikiria kumuuliza kama Ulaya nzima ilikuwa na ekzosi.

Matatizo yalianza kabla ya ekzosi. Ndoano za mifuko ile zilitengenezwa kwa keria nyembamba kama penseli, na keria ya Black Mamba imetengenezwa kwa ajili ya watu wawili na mbuzi. Fundi akazing'oa ndoano, akaifunga mifuko kwa mipira ya tyubu, na Ulaya yote ikaishia hapo. Kisha kisigino changu kikawa kinaupiga mfuko kila ninapokanyaga pedali, paf, paf, paf, kama mtu anayekung'uta mkeka. Nikavumilia. Nilikuwa nimelipa.

Siku ya tatu nikashuka Old Ferry, pale zilipokuwa zikitia nanga zile feri za visingizio, nikanunua nguru wa kilo mbili kwa wavuvi. Nikamlaza kwenye mfuko wa upande wa ekzosi, nikashika njia ya nyumbani. Nilipofika darajani nikasikia harufu nzuri. Nikajiambia, leo kuna mtu anachoma samaki. Nikapunguza mwendo nimjue ni nani. Alikuwa mimi.

Nguru alikuwa ameiva upande mmoja, na plastiki nyekundu imemganda ubavuni kama rojo. Paka wa jirani, kiumbe ambaye nimemwona akila soksi, alimnusa, akanitazama usoni, akaenda zake.

Baada ya Ulaya nikarudi Kenya, nikanunua kreti ya mkate. Kutoka Mtwapa hadi Malindi utaona kreti za plastiki zimefungwa kwenye keria za baiskeli na pikipiki, na nyingi zimeandikwa jina la kampuni na onyo kwamba ni mali yake, haiuzwi. Yangu niliuziwa na mtu aliyeniambia kwamba yale maandishi ni mapambo. Kwa hiyo gari la mikate likipita huwa natazama angani kama mtu anayehesabu kunguru.

Sitaki kuidhulumu kreti. Haipindi, haiyeyuki, ndimu hazidondoki, na ukichoka waweza kuishusha ukaikalia. Ubaya wake ni mmoja tu: haina mfuniko, na huku kwetu chombo kisicho na mfuniko ni mwaliko. Nasimama kumsalimu mtu, nikigeuka nakuta kuku amefungwa miguu. "Huyo ni wa shangazi, kule Tezo, atakungoja barabarani." Nanywa kikombe cha chai na mahamri mawili, nikitoka nakuta nusu gunia la makaa. Nimebeba spika ya harusi, nimebeba betri ya gari, nimebeba meza imeelekeza miguu mbinguni, na siku moja nimebeba mtoto wa darasa la pili ambaye hakuna aliyenieleza ni wa nani. Tulipofika karibu na shule aliniambia, "Hapa, mzee," akashuka, akasema asante. Katika abiria na mizigo yangu yote, huyo ndiye peke yake aliyewahi kushukuru. Wengine husema, "Nitakutumia kwa M-Pesa." Simu yangu imekaa kimya hadi nikaenda kuuliza kama laini imefungwa.

Lakini tusichelewe, nataka kufika kwenye mtungi.

Shemeji yangu alikuwa na matanga Tezo, na matanga ya upande wetu bila mnazi ni mkutano wa baraza. Akaniomba nimpitishie mtungi mmoja wa lita ishirini kutoka kwa mgema aliye karibu nami. "Kwani si wapita tu?" Hilo ndilo swali ambalo limeniharibia maisha. Nami asubuhi hiyo nilikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, mjini, saa nne. Nikaona nitapita shule kwanza, kisha niende Tezo.

Mgema alinionya nisikaze kizibo. Tembo la asubuhi, alisema, bado linachemka lenyewe, na likinyimwa pumzi hulipa kisasi. Mimi niliyekwisha kupoteza ndimu kumi na moja nikaona kizibo kilicholegea ni uzembe, nikakikaza kwa koleo. Sasa chukua jua la saa nne kasoro, chukua ule mtikisiko wa cherehani iliyotukanwa, chukua matuta ya barabarani. Katikati ya daraja kizibo kikaondoka. Sikukiona tena, na naamini kiko njiani kwenda Bara Hindi. Kilichokifuata kilinipiga kisogoni, kikateremka mgongoni mpaka ndani ya viatu, mwanzo kwa baridi, baadaye kwa kunata.

Niliingia mkutanoni saa nne na robo. Mwalimu mkuu alikuwa amefika kwenye ajenda ya nidhamu nyumbani. Wazazi walisogea kwa adabu hadi nikabaki na viti viwili vitupu kila upande, na nzi wakanichagua mwenyekiti. Ningenyamaza pengine ingepita. Nikainuka kueleza. Mtu anayenuka tembo saa nne ya asubuhi akisimama mbele ya walimu na kusema, "Si mimi, ni baiskeli," huyo hana wakili duniani.

Wiki hiyohiyo spoku tatu zikakatika gurudumu la nyuma. Fundi akaniita nichutame nione. Kumbe sproketi ya injini hizi haikukaa kwenye ekseli, imebanwa kwenye spoku zenyewe kwa vipande vya mpira. Spoku zinabeba kreti, zinanibeba mimi, na juu ya hayo ndizo zinazovutwa na cheni. Fundi alinieleza haya kwa sauti ya daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa. "Mzee, uzito wote umeuweka juu, na wote nyuma. Ushushe. Ugawe, nusu huku nusu huku. Kwani wewe hujaona punda?"

Punda! Hapo likanijia neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni: shogi. Watu wa Pwani tuna majina ya makapu kuliko tulivyo na vitu vya kutia ndani. Kuna pakacha la makuti, la kusukwa papo hapo chini ya mnazi na kutupwa jioni. Kuna tenga la samaki na matunda. Kuna kanda la miyaa, na jamanda lenye kifuniko la kupelekea vitu vya heshima. Na kuna lile linalomlalia punda mgongoni, mdomo juu, tumbo moja huku na tumbo jingine kule, ndilo shogi. Miezi saba nilizunguka nikinunua waya, kitambaa, Ulaya na mali ya watu, na chombo chenyewe kilikuwa kimelala kwenye kamusi. Kule Goma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili usio na pedali, umejengewa sanamu mjini kwa sababu ya kubeba. Huku kwetu mbebaji tumelifanya jina lake kuwa tusi.

Nikamfuata bibi mmoja anayeshona mikeka na makanda pembeni mwa soko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka unishonee shogi."

Aliweka ukili chini. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyesikia marehemu wake akitajwa kwa wema.

"Shogi! Ni kitambo sijaulizwa. Punda wako mkubwa?"

Furaha ile sikuwa na moyo wa kuivunja. "Wa kiasi," nikasema.

"Mgongo wake upana gani?"

"Mwembamba, bibi. Kama kiganja."

"Maskini! Humlishi?"

"Namlisha. Hanenepi."

"Anakula nini?"

"Sana sana anakunywa."

Bibi akatikisa kichwa. "Ana kidonda popote, nisije nikamshonea pa kumuumiza?"

"Kidonda hana. Ila ubavu mmoja una joto," nikasema, nikiwaza ekzosi.

"Huyo mgonjwa, mwanangu. Joto la upande mmoja si jambo la mchezo. Mpumzishe siku mbili, usimpakie."

Muuza ndizi aliyekuwa kando alishindwa kujizuia. "Bibi, punda wake ni yule pale anayetoa moshi!"

Bibi hakucheka. Aliinuka, akaizunguka baiskeli, akaipima kwa shubiri, akanigeukia, akataja bei, kisha akaongeza shilingi mia mbili. Nikamuuliza za nini. Akasema mwenye punda, punda akifa, hubaki na shogi lake akinyamaza. "Lakini hiyo yako ikifa, wewe wajua kabisa utakuja kunirudishia."

Nililipa.

Na nitasema kweli: ni chombo. Jepesi, linapinda panapotakiwa kupinda, kisigino hakiligusi, na upande wa ekzosi nikatia kipande cha bati la debe ili miyaa isishike moto. Spoku zikanyamaza. Stejini wakacheka siku nne, ya tano mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini nimeshonewa wapi.

Nilichosahau ni kusi. Ilikuwa mwezi wa Juni, upepo umekaza. Ukivuka daraja kwenda mjini na shogi tupu, mdomo wazi, kusi linaingia lote. Yale matumbo mawili yakafura, baiskeli ikatweka tanga. Nikazima injini kuokoa petroli, na kwa macho yangu mwenyewe nikampita kijana wa bodaboda aliyekuwa na abiria na gunia. Ni dakika moja ya utukufu ambayo sitanyang'anywa. Wakati wa kurudi upepo uleule ulikuwa usoni, nami nina kilo kumi za mihogo, na kijana yule alinipita mara mbili. Ya pili aligeuza makusudi.

Tena shogi lina sheria moja ambayo punda huijua kuliko mimi: pande zote mbili zilingane. Ukizidisha huku, linateleza lote. Punda angalau hugoma kwanza. Baiskeli huanguka kwanza, sababu utazitafuta ukiwa chini. Mama watoto akiniagiza tikiti maji moja, mimi sina budi kununua mawili. Tulikula tikiti wiki mbili mfululizo mpaka watoto wakianza kusikia cherehani inakaribia wanakimbilia kwa jirani. Nikatafuta cha kulinganishia. Nikaokota kipande cha jiwe la timbo, lile jeupe la matumbawe tunalojengea nyumba, zuri, limechongwa pande tatu. Tikiti huku, jiwe kule. Wakati wa kwenda mtupu nalifunga katikati ya keria, nikirudi linaingia kazini. Ikawa mimi, baba wa watoto wanne, ni mtu ambaye kila siku ya Mungu huvusha jiwe kwenda Kilifi na jioni hulirudisha Mnarani.

Faida yake niliiona jana. Jirani alinisimamisha penye mkorosho, na nikamwona tayari amebeba uso wa kuagiza. Sikukimbia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu inayoonekana kwa macho. Nikamfunulia shogi, huku mihogo, kule jiwe, pamejaa pote, shahidi ni yeye mwenyewe.

Akachungulia upande wa mihogo, akanyamaza. Akachungulia upande wa pili, akaligonga jiwe kwa kidole kama mtu anayechagua nazi.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kule karibu na timbo. Yako mengi yametupwa."

"Ni zuri, ujue. Mimi najenga choo, bwana."

Nikamweleza kwamba hilo si la kujengea, ni la kusawazishia, bila hilo mimi chini.

"Wala si ubaya," akasema, huku ameshaingiza mkono. "Hili niachie, tuko nyumbani, mihogo utaishika mwenyewe. Kesho utasawazisha na jingine."

Leo nimesawazisha na jingine. Nilipokuwa namshushia nikamuuliza choo chenyewe ni cha ukubwa gani. Akasema ni cha vyumba viwili, pamoja na bafu.